Mnataka kushuka Kosti kupanda mikoko baada ya dhoruba? Someni hii kwanza

Kila mvua kubwa ikipiga nchi hii, hapa Nairobi lazima kuna mtu kwenye grupu la chama ama la kanisa ama la ofisi ataandika "jameni si tushuke Kosti tupande mikoko", na kabla hata mwekahazina hajasoma hiyo meseji watu kumi washasema wako ndani na mmoja anauliza tishati zitakuwa rangi gani. Wazo lenyewe ni poa, sina neno. Shida ni venye linafanywa, kwa sababu mikoko si miti ya kudunga tu popote penye matope, na mingi inayopandwa na wageni wa siku moja inakufa, tena kwa sababu zinazojulikana kabisa na mzee yeyote wa kijiji cha pale angewaambia kama mngemuuliza. Kwa hivyo hii ni ya mtu ambaye amepewa kazi ya kupanga hiyo safari na hajawahi kukanyaga matope ya bahari.

Kwanza muelewe dhoruba huwa inafanya nini kwetu, maana si kama zile za kwenye video za Marekani. Pwani ya Kenya iko karibu sana na ikweta na vimbunga hushindwa kujizungusha huku, ndiyo maana vingi huishia Madagaska na Msumbiji. Mara chache vinapanda juu, Unguja ilipigwa vibaya mwaka wa 1872, Lindi ikapigwa 1952, halafu Mei 2024 kimbunga Hidaya kikaja mpaka kisiwa cha Mafia. Sisi hiyo Hidaya ilitupitia kwa pembeni, mawimbi na upepo, watu wakakatazwa kuogelea na kuvua kwa muda. Lakini wakati huo huo bara kulikuwa kumefurika, Mathare, Mukuru, Athi River, kote mnakumbuka, na hayo maji yote lazima yaende mahali. Sasa hapo ndipo mikoko yetu huumia. Pigo lake kubwa mara nyingi halitoki baharini, linatoka nyuma, kwenye nchi kavu, linakuja na mto likiwa limebeba udongo.

Mfano mzuri ni Mwache, ile hori ya nyuma ya Mombasa upande wa magharibi. Baada ya mvua kubwa za El Niño za 1997 na 1998 mikoko mingi ya pale ilikufa imesimama. Haikung'olewa na mawimbi na hakuna aliyeikata, ilizikwa tu mizizi. Ukitaka kuelewa hii kitu, inama uangalie chini ya mti unaoitwa mchu. Utaona vijiti vingi vimesimama wima kutoka kwenye matope kama penseli, mamia kwa mamia, vimezunguka mti mpaka mbali. Hiyo ndiyo mizizi ya kupumua, kwa sababu ndani ya matope ya bahari hakuna hewa, mti unavuta hewa kupitia hivyo vijiti maji yakipwa. Mafuriko yakileta mchanga yakaumwaga hapo, sentimita kumi tu kwenda juu zinatosha kuua mti mkubwa mwenye afya. Hauanguki siku hiyo, majani yanaanza kugeuka rangi polepole, miezi inapita, halafu siku moja mnapita na gari mnasema aki hii mikoko imekauka, nani ameimwagia nini.

Kwa hivyo swali la kwanza kabla hamjaulizana tishati ni hili: kwa nini mikoko ya hapo imekufa? Kama ni mchanga uliofunika, na mchanga bado uko, mkipanda mingine mnaipeleka kaburini. Kama ni mfereji uliozibwa na takataka na udongo mpaka maji ya bahari hayaingii tena, kazi ni kuzibua mfereji, na mkiuzibua mikoko inaweza kurudi yenyewe bila mtu kupanda hata mmoja. Kazi ya kuchimba mfereji haina picha nzuri, najua, lakini kama kweli mna nguvu za vijana thelathini na majembe, hiyo ni siku yenye faida kuliko miche elfu moja. Mchimbe tu pale mlipoonyeshwa na wenyewe, msianze kuchora mifereji yenu.

Na mwangalie chini. Ukiona miche midogo ya mikoko imejiotea, hata kama ni michache, mahali pako sawa, paacheni. Kinachotakikana hapo ni kuzuia mbuzi na wakata miti na kutoa plastiki iliyokwama kwenye miche. Mkija na miguu sitini kupanda kwa mistari mtakanyaga hiyo iliyojiotea mkiweka ya kununua. Nimeona watu wanafanya hivyo wakiwa na furaha kabisa.

Sasa mnaongea na nani. Mikoko yote ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, kwa hivyo hata mkiwa na nia nzuri aje hamwezi kuingia tu na mifuko ya miche. Anzeni na watu wa Huduma ya Misitu, makao makuu yao yako hapa hapa Karura, barabara ya Kiambu, watawaelekeza kwa ofisi ya kaunti husika, Kwale ama Mombasa ama Kilifi ama Lamu. Lakini mtu wenu haswa ni kikundi cha kijiji, ile jumuiya ya wenyeji inayolinda msitu, pamoja na viongozi wa wavuvi wa hapo bandarini. Wao ndio wana vitalu vya miche, wao ndio wanajua mahali pamepandwa mara tatu pakakataa, na wao ndio watabaki na hiyo miti nyinyi mkisharudi Syokimau na SGR. Pigeni simu mapema, wiki kadhaa kabla, na mwaulize wao wanahitaji nini badala ya kuwaambia mnakuja kufanya nini. Pengine watawaambia mwaka huu hatutaki kupanda, tunataka kupalilia kitalu na kujaza mapengo. Kubalini. Na mkifika msianze na bei, salimieni wazee vizuri, kaeni chini mnywe chai, kule huingii kwa watu mbio mbio kama unaingia banki saa ya lanchi.

Kama mnataka kuona mfano kabla ya kuamua, nendeni Gazi kule Kwale. Mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa pale tangu 2013, vijiji vya Gazi na Makongeni wanalinda mikoko yao na wanauza hewa ya kaboni, yaani wanalipwa kwa sababu miti yao inafyonza hewa chafu, pesa zinaingia kwa maji na shule. Kuna daraja la mbao mnapita ndani ya msitu bila kuchafuka viatu. Hiyo ziara ya saa mbili itawafundisha kuliko makala yangu hii, na kiingilio kinabaki kijijini.

Haya, aina za miti, na hapa tafadhali msikimbie. Kenya ina aina tisa za mikoko na kila moja ina nyumba yake kulingana na vile maji yanaifikia. Ukianzia baharini kuja nchi kavu, mstari wa mbele kabisa, ule unaopigwa na mawimbi, ni wa mlilana. Nyuma yake ndio mkoko wenyewe, ule wenye mizizi ya kupinda kama ameweka mikono kiunoni, halafu muia kidogo kidogo, halafu mkandaa, na juu kule ambako maji yanafika siku za bamvua tu, zile ambazo bahari inajaa sana, ndio unapata mchu mfupi mfupi na kikandaa. Mchu ni mjanja, unaweza kuukuta pia mbele kwenye mchanga. Mkomafi na msikundazi ni wa kule ambako kuna maji baridi yanayoingia, karibu na mito. Kosa linalorudiwa kila mahali duniani ni kuchukua mkoko, kwa sababu mbegu yake ni kubwa na rahisi kudunga, na kuupanda chini kabisa kwenye matope wazi ambayo hayajawahi kuwa na mti. Ufilipino walipanda hivyo miaka na miaka, miche mingi mno ikafa, maana inakaa ndani ya maji muda mrefu kuliko inavyoweza, na ile inayobaki inashikwa na vijidudu vyenye magamba vinajigandisha kwenye shina mpaka linalala.

Yale matope wazi na yale majani ya bahari yaliyo mbele ya mikoko si nafasi iliyokosa kazi, jameni. Kasa wanakula hayo majani, samaki wadogo wanajificha humo. Na ndege pia, mkienda hori ya Mida kule Watamu wakati wa kaskazi mtakuta matope yamejaa ndege waliotoka Ulaya na Asia, kuna mmoja mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene, huyo anakula kaa na anatembea kwa makundi makubwa, watu wanatoka mbali na darubini kuja kumwona. Mkipanda miti hapo mmemchukulia sahani. Kanuni rahisi: kama hapakuwa na mikoko zamani, msipande mikoko. Mzee wa kijiji atakumbuka, muulizeni.

Tarehe inaamuliwa na mwezi. Nikisema mwezi namaanisha ule wa juu angani. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ndio huleta bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti kati ya kujaa na kupwa inapita mita tatu kwa pwani yetu, halafu katikati yake ni maji mafu ambayo hayasogei sana. Uzuri ni kwamba siku za bamvua maji mara nyingi hupwa asubuhi kama saa nne saa tano hivi, kwa hivyo mkichagua Jumamosi iliyo siku moja ama mbili baada ya mwezi mpevu mna nafasi ya kufanya kazi kuanzia saa tatu mpaka saa sita. Kila siku inasogea mbele karibu saa nzima, so mkiahirisha kutoka Jumamosi hii mpaka ijayo mtafika mkute bahari imefika barabarani. Hii ndiyo sababu pia hamwezi kutoka Nairobi usiku na basi mkategemea kufika na kuingia shambani hapo hapo, lori likipinduka Mackinnon Road siku yenu imeisha. Laleni huko usiku mmoja kabla.

Na mwenyeji akisema tutoke, mtoke. Maji hayarudi kutoka mbele mkiyaona, yanajaza mifereji nyuma yenu kwanza, na unajikuta uko kisiwani na simu mkononi unapiga selfi.

Viatu. Gambuti sahau, matope yanaivuta inabaki chini wewe unatoka na soksi. Ndala pia hapana. Vaa raba kuukuu za kufunga kamba kabisa, maana mizizi ina chaza na makali yake yanakata kama wembe, kidonda cha matope hakiponi haraka. Suruali ndefu nyepesi, kofia, maji ya kunywa kwa chupa ya kurudia kutumia, na hii ya chupa si ushauri tu, tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye maeneo ya hifadhi, na Mida iko ndani ya hifadhi. Sisi watu wa Nairobi pia husahau malaria, ongeeni na daktari wiki moja ama mbili kabla na mbebe dawa ya mbu.

Kupanda kwenyewe ni kazi rahisi kuliko kupanga. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado juu ya mti, inaning'inia ndefu ya kijani, na ikikomaa ile shingo yake juu karibu na kofia inageuka rangi ya manjano, ukiigusa inaachia yenyewe. Ukilazimika kuivuta, haijaiva. Ikague yote ukiizungusha mkononi, ikiwa na tundu la mdudu ama imelainika itupe. Msiziache juani kwenye buti ya gari, ziwekwe kivulini zikiwa na unyevu. Ukifika mahali pako shika mbegu ncha iliyochongoka ikiangalia chini, upande wa chipukizi juu, sukuma polepole mpaka kama thuluthi moja iingie, iwe imesimama, halafu bana matope kwa vidole pembeni isicheze. Basi. Usiidunge yote kwa sababu unaogopa itaanguka, na usiigeuze, nimeona mistari mizima imepandwa kichwa chini na hakuna aliyeuliza. Acheni mita moja mpaka mbili kati ya mche na mche. Mkandaa ni hivyo hivyo, mbegu yake ni fupi na ina mifereji mifereji. Mchu na mlilana hazidungwi hivyo, mbegu ni ndogo, hizo mnachukua miche iliyokuzwa kitaluni na mnatoa ile karatasi ya plastiki kabla ya kuweka shimoni, na plastiki yote inahesabiwa na kurudi nayo.

Kaa watakula baadhi ya mbegu. Msiwaue. Mashimo yao ndiyo yanaingiza hewa na maji kwenye matope, msitu bila kaa hauendi mbali, ndiyo maana mnapanda zaidi kidogo na kurudi kujaza.

Kuhusu usafi baada ya dhoruba, toeni nyavu zilizokwama, plastiki, chupa, ndala, vipande vya maboti vyenye misumari. Acheni magogo, acheni mwani uliorundikana ufukweni, humo kuna wadudu na ndege wanakula humo, na unashika mchanga. Mikoko iliyokauka ikasimama pia iacheni, kwanza kuikata bila ruhusa ni kesi, pili hiyo mizizi mikavu inashika matope na kunasa mbegu zinazoelea. Kwenye ufuo wa mchanga msitembeze gari wala kuchimba ovyo, kasa hutaga huko na mayai yanakaa chini karibu miezi miwili. Mkiona alama zake za kutambaa mwiteni mtu wa hapo, msifukue kuangalia, na usiku zimeni mataa ya upande wa bahari kwa sababu watoto wa kasa hufuata mwanga.

Pesa sasa. Mkikaa kufanya bajeti, tengeni nusu ya pesa ya miche na vibarua iwe ya baada ya siku ya kupanda. Hapo ndipo vyama vingi hukwama, tishati zimelipiwa, droni imelipiwa, pilau imelipiwa, halafu hakuna wa kuangalia miche miezi mitatu baadaye. Kubalianeni na kikundi cha kijiji, kwa maandishi, watu wawili wapite kila mwezi kutoa takataka na kuhesabu, mlipe kwa M-Pesa, na hesabu kubwa ifanywe baada ya miezi mitatu, sita, na mwaka mmoja. Watume picha ya sehemu ile ile, si sehemu iliyopendeza. Mkiambiwa zimebaki chache ulizeni kwa nini, msikasirike, msije mkafanya watu waogope kuwaambia ukweli mwakani.

Na kama safari imekataa, ama pesa zimekuwa kidogo, kuna kazi ya mikoko mnaweza kufanya bila kutoka Nairobi, na mimi kusema kweli naona ndiyo kubwa zaidi. Mto Nairobi unaanza Ondiri pale Kikuyu, unapita mjini, unachukua wa Mathare na wa Ngong, unaingia Athi, unapita Fourteen Falls, unazunguka mpaka Tsavo unaitwa Galana, halafu unakuwa Sabaki na kumwaga baharini kaskazini ya Malindi. Ndiyo maana baada ya mvua bahari ya Malindi inakuwa rangi ya chai ya maziwa. Matope mengi ni ya mashamba ya miinuko na kingo zilizochimbwa mchanga njiani, si yetu peke yetu, lakini ukingo ulio nyuma ya ploti yenu ni wenu. Usilime mpaka kwenye maji. Acha nyasi na vichaka vya ukingoni vikae, panda mikuyu, panda mianzi ya kienyeji, na mikaratusi usiweke hapo kabisa, inakausha chemchemi na chini yake hakuoti kitu cha kushika udongo. Ukitaka mbegu za miti ya kienyeji zenye uhakika nenda kwa taasisi ya utafiti wa misitu Muguga, wanauza. Miche ya ukingoni pandeni mvua za Machi na Aprili zikianza kushika ardhi, na mwagilieni kuanzia Juni mpaka mvua za Oktoba, huo ndio muda mingi huwafia watu.